Kushuka Garini Kule Chawia

Mama yangu aliapa kwamba hatakanyaga tena Chawia mpaka apelekwe na gari ambalo mtu anashuka, si gari ambalo mtu anang'olewa.

Gari la kung'olewa lilikuwa langu. Ni sedani ndogo ya rangi ya fedha, ya milango minne na buti nyuma, ambayo naipenda kwa kiasi ambacho mke wangu alianza kwa kukionea wivu na sasa anakionea huruma. Imelala chini, karibu na lami, kama paka anayewinda. Ukiiendesha asubuhi kwenye barabara ya kutoka Voi kwenda Mwatate, mistari ya mkonge inafunguka na kujifunga pembeni kama kurasa, na ukiugusa usukani kwa kidole gari limeshajua ulichotaka kusema. Nusu ya riwaya yangu niliitunga humo, nikielekea mahali ambako sikuwa na shughuli yoyote.

Lakini gari lililolala chini lina tabia yake. Kuingia ni rahisi: unaligeuzia mgongo, unajiachia, linakupokea. Kutoka ni habari nyingine, na habari hiyo mtu mwenye nyonga nzima haijui. Mama anaijua, kwa sababu nyonga yake ya kushoto ilishaacha kumtii.

Siku tulipokwenda Chawia kujitambulisha kwa wazazi wa mke wangu, nilimpakia mama kiti cha mbele, akiwa amevaa gauni la kitenge na viatu vipya. Tulipofika, ua wa wakwe ulikuwa umejaa watu. Mama akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, kisha akabaki hivyo, mguu mmoja uko Chawia na mwili wote bado uko Voi. Akajaribu kuinuka, akarudi. Akajaribu tena, akarudi zaidi. Mwishowe mjomba wangu akashika mkono mmoja, baba mkwe akashika wa pili, wakaambiana "haya," wakavuta. Mama akatoka na mlio ambao sitauandika. Viatu vikabaki ndani.

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya wanawake wenzake, leso mpya mabegani. Akasema kwa upole wote wa watu wa milimani:

"Karibu, mwenzangu. Usione haya. Hata mihogo yetu huku hung'olewa hivyo hivyo."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba jambo limekuwa kubwa. Mama akikasirika kidogo hununa. Akikasirika sana hucheka, halafu huweka akiba.

Harusi ilifanyika Voi, kwa hivyo akiba ilikaa. Kisha mke wangu akapata mimba, na miezi ilipokaribia kutimia akapanda kwao ili ajifungue akiwa karibu na mama yake. Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, mwenye masikio yangu, masikini. Na hapo desturi ikatushika shingo.

Kwetu, mtoto akizaliwa upande wa mama, hatoki kwenda kwa baba yake kabla nyanya wa upande wa baba hajaja kumwona. Na nyanya huyo haji mikono mitupu. Anakuja na kikapu: unga wa wimbi, ndizi, mayai, chochote cha kumrudishia mzazi damu. Kikapu hicho hakipiti mikononi mwa dereva wala mjomba. Anashuka nacho mwenyewe, anakiingiza mwenyewe, anakiweka mwenyewe miguuni pa mzazi. Kwa hiyo mke wangu na mwanangu walikuwa Chawia, mimi nilikuwa Voi nikipika mayai kila usiku, na kati yetu alikuwapo mama na nyonga yake.

"Mama, twende Jumamosi hii," nilimwambia.

"Na gari gani?"

"Si ile yangu."

"Basi wasalimie."

"Mama, ni mjukuu wako."

"Najua ni mjukuu wangu. Nimemwona kwenye simu. Kwenye simu hana uzito." Akaendelea kuchambua maharagwe. "Nishuke na kikapu, na yule mama amesimama pale pale na leso yake? Nitavutwa mkono huu, nitavutwa mkono ule, kikapu nikishike na nini, meno?"

Mke wangu naye alipiga simu kila jioni, sauti yake chini ili asisikike. "Mama ameanza kuninunulia mapazia ya chumba," alisema siku moja. "Mtu ananunuliwa mapazia akiwa mgeni? Mlete mama yako, tafadhali. Mlete hata kwa mkokoteni."

Nina binamu anayeuza magodoro mjini Voi. Ana watoto wanne, na ana gari la familia, lile la viti saba lililo refu na la mraba, mlango wa ubavuni unateleza wenyewe ukibonyeza kitufe. Nikamwendea dukani, nikamwomba tubadilishane magari mpaka Jumapili jioni. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza. Sikumaliza hata sentensi.

"Chukua," alisema. "Kaa nalo hata Jumatatu. Hata Jumanne."

Akapokea ufunguo wangu kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa ua. Akaingia ndani ya sedani yangu peke yake, bila mke, bila watoto, bila godoro hata moja, na kabla hajafika kona nikamsikia akikanyaga mafuta kama kijana. Nilisimama pale na ufunguo wake mkononi. Ulikuwa na mwanasesere wa plastiki aliyetafunwa kichwa.

Kupanda gari lile ni kama kupanda kitanda cha juu cha bwenini. Nilipoketi, nikatafuta boneti mbele yangu, sikuiona, iliishia mahali fulani chini ya magoti. Usukani ulikuwa umelala kama meza, na nusura niweke viwiko juu yake nisubiri chakula. Ndani mlinuka maziwa, biskuti na soksi. Nilipoingiza mkono chini ya kiti ili nikisogeze mbele, nikatoka na kiatu cha mtoto, kimoja, na kijiko.

Siku ile nilijifunza tofauti ya magari haya mawili. Gari dogo unalivaa. Gari la familia unalihamia. Sedani yangu nikiielekeza kona, imeshapita. Hili, nikigeuza usukani, mbele inaanza kuondoka, katikati inauliza tunakwenda wapi, na nyuma inakuja baadaye ikinung'unika. Nikifunga breki kwenye sedani, ninasimama. Nikifunga breki kwenye hili, nasimama mimi, kisha vinasimama vitu vilivyokuwa nyuma yangu, kimoja kimoja, vikigonga viti. Na upepo wa Voi, ule mwekundu wenye vumbi unaotoka mbugani, ambao sedani huupita chini yake bila kusalimiana, hili unalisukuma begani kama mlevi.

Lakini lilikuwa na jambo moja. Kiti cha mbele kilikuwa juu. Mama alipolizunguka mara ya kwanza, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe, akasimama kwenye mlango wa abiria, akajipima nao. Kiti kilimfika nyongani hasa.

"Hili," alisema, "mtu anashuka."

Akaenda jikoni, akarudi na kigoda.

Siku zilizobaki tulifanya mazoezi uani kwetu. Mama anapanda kwa kukanyaga kigoda. Anaketi. Mimi nazunguka, nakiweka kigoda chini ya mlango, nasogea mbali kama mtu asiyehusika. Mama anageuka na miguu yote miwili kwa pamoja, kikapu mkono wa kulia, mkono wa kushoto kwenye kishikio cha mlango, mguu mzima kwenye kigoda, mguu wa nyonga kwenye ardhi, kisha anainua kidevu. Kidevu kilikuwa sehemu ya zoezi. Mwanzoni alibeba kikapu kitupu, baadaye akatia unga, baadaye akaongeza mkungu mdogo wa ndizi ili mwili uzoee. Majirani wawili, akina mama anaosali nao, walianza kuja na viti vyao kumtazama. Ijumaa jioni alishuka kwa utulivu hata wakapiga makofi.

"Sasa namwona yule mama akitafuta mihogo yake," alisema mmoja wao.

Watazamaji wale walikuwa kosa langu la kwanza, kwa maana walihesabu viti.

Mwenye sedani ana sentensi moja tamu sana: "Gari limejaa." Akisema hivyo hakuna wa kumbishia, maana mtu anachungulia, anaona, anaondoka. Mwenye viti saba hana sentensi hiyo. Jumamosi alfajiri nilipofungua lango, wale akina mama wawili walikuwa wameshasimama nje, leso zimepigwa pasi. Na kati yao alikuwapo shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyekuwa ameteremka kutoka Kasigau jana yake. Habari ya viti ilikuwa imemfikia mpaka kule.

"Shangazi, shikamoo. Hukuniambia unakuja."

"Marahaba. Nani anamwambia dereva? Tuliambiwa kuna saba. Wewe mmoja, mama yako mmoja, sisi watatu. Bado unatudai."

Kila mmoja alikuwa na kikapu chake. Mmoja alikuwa na kuku, na shangazi alikuwa na boga kubwa aliloliokoa kutoka kwa ndovu. Mama alisimamia upakiaji. Akaniambia kigoda kitangulie kuingia nyuma, ndani kabisa, kisije kikasahaulika. Nikakitanguliza. Juu yake likaja boga, juu ya boga blanketi la mtoto, juu ya blanketi vikapu vyote isipokuwa cha mama, na juu ya vyote yule kuku, ambaye alinitazama kwenye kioo safari nzima.

Tukatoka. Hapo nikajua tofauti nyingine: katika sedani unazungumza na barabara, katika gari la familia unazungumza na kamati.

"Punguza mwendo, baba, tumebeba mayai," akasema mmoja wa wale akina mama wa nyuma.

"Niko pole, mama."

"Pole ya nani? Hii pole yako mayai hayaijui."

"Mwacheni aendeshe," alisema shangazi. "Lakini kweli, mwanangu, gari hii ni kama ndovu. Kichwa kikishageuka, ngoja kwanza makalio yapate habari."

Walipoanza kuimba, niliona maajabu. Kwenye kila kona wote watatu waliinama upande mmoja bila kukatiza wimbo, na gari likainama nao, na boga likaviringika likagonga ubavu kwa mdundo. Mimi ambaye huwa naendesha kimya, nikisikiliza maneno ya wahusika wangu, nilijikuta nashika kiitikio.

Mwatate tulisimama kununua maji. Nikabonyeza kile kitufe ili akina mama wapate hewa, mlango ukateleza taratibu, na kabla haujamaliza kufunguka wakaingia watu wawili wenye gunia la vitunguu, wakaketi.

"Bura?" akauliza mmoja.

"Hii haiendi Bura," shangazi akawaambia. "Hii ya mtoto."

"Sawa. Mtoto anashukia wapi?"

Tuliwaeleza. Waliteremka kwa heshima, wakasema kwamba gari la namna hii kwenye barabara ile likifungua mlango maana yake ni moja, na kosa si lao. Katika maisha yangu yote ya sedani hajawahi mtu kuniingilia garini na vitunguu. Nilifunga mlango kwa kitufe hicho hicho, nao ukajifunga polepole sana, tukiwa tunatazamana.

Kisha tukaanza kupanda. Huko hewa hubadilika kabla macho hayajajua. Vumbi linabaki chini, kioo kinapata ubaridi, migomba inakaribia barabara na kila mlima una mlima mwingine nyuma yake unaochungulia. Sedani yangu hupanda huko kama mbuzi. Hili lilipanda kama mzee wa kanisa: kwa nia njema, na kwa sauti. Tulipokutana na lori la kabeji mahali pembamba, ilinibidi nirudi nyuma mpaka kwenye upenyo, nikitazama kioo ambacho ndani yake hamkuwa na barabara bali kuku. Lami ilipokwisha mama akajifunga leso upya. Midomo yake ilikuwa inacheza, nami nilidhani anasali, mpaka nikamsikia: "Geuka. Mkono. Mguu mzima. Mguu wa nyonga. Kidevu."

Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale. Leso ilikuwa ile ile, sasa imefuliwa. Baba mkwe alikuwa kando yake, na nyuma yao, mlangoni, mke wangu na kifurushi cheupe kifuani. Nikaingia uani, nikasimamisha gari kwa ustadi katikati, nikazima injini. Mama akavuta pumzi, akafungua mlango, akageuka na miguu yote miwili kwa pamoja, kikapu mkono wa kulia. Akatazama chini.

"Ardhi iko wapi?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nikainama nitazame. Uani kwetu Voi ni tambarare kama meza, na sisi watu wa tambarare tulikuwa tumefanya mazoezi yetu yote pale, tukasahau kwamba Chawia hakuna mahali ambapo nchi imekaa sawa. Ua wa wakwe ulikuwa umeinama kuelekea bondeni, na bonde lilikuwa upande wa kushoto, upande wa mama. Kilichokuwa kimo cha kigoda huko kwetu, hapa kilikuwa kimo cha ukuta.

"Kigoda," mama akasema bila kugeuza kichwa.

Shangazi akageuka nyuma. Tukamsikia akivuta. Kuku akalalamika. "Kiko chini ya boga," shangazi akanong'ona. "Na boga limekwama. Na hata likitoka, mwanangu, kigoda kwenye mteremko huu kitamtupa mpaka Mwatate."

"Karibuni," mama mkwe akasema kutoka mbele. "Shukeni, jamani."

Hakuna aliyeshuka. Kikapu cha mama ndicho kilipaswa kutangulia, na wale wa nyuma walikaa kwa utii, mikono mapajani, kama wanaosubiri picha. Baba mkwe, ambaye ni mtu mwema, akaanza kukunja mikono ya shati lake. Akaja hatua mbili.

"Tumsaidie mama?"

"Asante sana, baba," mama akajibu kwa tabasamu. "Bado kidogo naongea na mwanangu." Akairudisha miguu yake ndani ya gari, akafunga mlango, na bila kuondoa tabasamu akaniambia kati ya meno: "Geuza."

"Mama?"

"Geuza gari. Kulia kuwe kushoto. Nishukie upande wa juu."

Alikuwa amesema kweli. Tukitazama tulikotoka, mlango wa mama ungekuwa upande wa mlima. Kwa sedani ningekuwa nimeshageuka kabla hajamaliza kusema. Lakini ua ule ulikuwa na upana wa gari lile na aibu kidogo. Huku kulikuwa na migomba, huku tangi la maji, huku kamba ya nepi za mwanangu, na upande wa juu palikuwa na tuta la spinachi ambalo mama mkwe huonyesha wageni kama wengine wanavyoonyesha cheti.

Nikatia gia ya kurudi nyuma. Baba mkwe akashusha mikono ya shati, akachukua wadhifa mpya. "Njoo," akaniita kwa mkono. "Njoo. Njoo. Njoo. Njoo." Nikagonga mgomba. "Umefika," akasema.

"Kata kulia," akasema mama mmoja nyuma yangu.

"Kushoto, si kulia. Akikata kulia ataua nepi."

"Mbele kidogo. Kidogo nimesema, baba, kidogo kwenu ni kiasi gani?"

Mbele, nyuma, mbele. Kila nilipokwenda mbele vikapu vilikwenda nyuma. Nepi moja ilikuja kukaa kwenye kioo changu cha pembeni, nikaendelea nayo. Majirani walitoka, wakasimama juu ya ukingo wakatazama kama watu wanaotazama gwaride. Mke wangu alikuwa amefunika uso kwa blanketi la mtoto, mabega yanatikisika, nami kwa mbali sikuweza kujua analia au vipi. Mama alikaa wima, kikapu mapajani, anatazama mbele, kama kwamba hii ndiyo njia ambayo watu wa kwetu huingia katika ua wa watu.

Mwisho gari likageuka. Sijui lilivyogeuka. Nililiacha hapo liliposimama, tairi la mbele la kushoto likiwa limepanda kwenye mstari wa kwanza wa spinachi. Mama akafungua mlango. Mlango ukapita juu ya majani kwa upana wa kiganja tu. Na pale chini ya mlango, karibu kabisa, sawa na sakafu ya gari, ilikuwapo ardhi: tuta jeusi, laini, lililomwagiliwa asubuhi.

Mama akageuka na miguu yote miwili kwa pamoja. Kikapu mkono wa kulia. Mguu mzima. Mguu wa nyonga. Akasimama katikati ya spinachi, juu ya tuta, mahali ambapo mama mkwe ilimbidi ainue uso ili amwone. Kisha akainua kidevu.

Kuku peke yake ndiye aliyesema kitu.

"Umeshuka vizuri, mwenzangu," mama mkwe akasema hatimaye.

"Nimeshuka, mwenzangu."

"Umeshukia spinachi yangu."

"Ndiyo. Niliambiwa Chawia mnatandikia wageni mboga."

Mama mkwe akatazama tuta. Akatazama tairi. Akatazama nepi kwenye kioo changu. Kitu kikaanza kumpanda kutoka tumboni, akajaribu kukizuia kwa ncha ya leso, kikamshinda. Alicheka mpaka akamshika baba mkwe begani. Wale watatu nyuma yangu, wakiona ruhusa imetoka, wakaniamuru nibonyeze kitufe.

Ndani, mama alikiweka kikapu miguuni pa mke wangu, akanawa mikono, akaketi, akampokea mtoto. Akampima kwa mkono huu, akampima kwa mkono ule.

"Ana uzito," alisema.

Wakati wa uji walipanga siku ya mke wangu na mtoto kurudi Voi. Mama mkwe ndiye angewasindikiza, maana mama wa mzazi hamwachi mwanawe njiani. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Na sisi mtatuchukua na gari gani?"

"Ile ndogo," mama akasema, akipuliza uji wake. "Ile ina raha ya barabarani."

Kwa hiyo nikarudi Chawia na sedani yangu. Binamu yangu alikuwa ameirudisha Jumanne, shingo upande, ikiwa imeoshwa mara ya kwanza tangu niinunue. Sitaeleza furaha ya kupanda ile milima peke yangu asubuhi ile, ukungu ukinyanyuka, kona zikinijia moja moja kama maneno yaliyokuwa yamekataa. Nilifika nikiwa nimemaliza sura nzima.

Kurudi ndiko kulikokuwa tofauti. Buti halikufungika kwa sababu ya beseni. Mke wangu na mtoto walikaa nyuma kati ya mikungu na mapazia, maana mapazia nayo yalikuja. Mama mkwe alikaa mbele, kabeji mapajani, magoti karibu na kidevu. Kwenye kila tuta la barabara tumbo la gari liligusa lami, na mama mkwe akasema "pole," sijui kwa nani. Nilijaribu kukata kona kama nilivyozoea, na sauti kutoka nyuma ikaniambia, "Taratibu, mtoto amelala." Nikaenda taratibu. Gari nililolivaa miaka yote lilikuwa limenibana mabegani.

Mama alikuwa langoni Voi, amesimama. Shangazi na wale akina mama wawili walikuwa wamekaa kwenye viti vyao, safu ya mbele. Nikasimamisha gari kwenye ardhi tambarare. Mama mkwe akanipa kabeji, akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, na akabaki hivyo, mguu mmoja uko Voi na mwili wote bado uko Chawia. Akajaribu kuinuka, akarudi.

Mama akaja kuelekea mlangoni. Alikuwa na muda wote huo wa kuandaa neno, na ninamjua, alikuwa ameliandaa. Safu ya mbele ikasogeza viti ili ilisikie. Mkononi alikuwa na kile kigoda. Akakiweka chini, kando ya mlango uliofunguka, akajishusha juu yake polepole, kwa upande wa nyonga nzima, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mwenzake.

"Pumzika kwanza, mwenzangu," alisema. "Hakuna anayekufukuza. Mimi mwenyewe gari hii ilinikalia rohoni mwaka mzima."

Chai ikaletwa pale pale. Wakanywa, mmoja kwenye kigoda, mwingine ndani ya gari na mguu wake mmoja nje, wakazungumza juu ya nyonga na magoti na bei ya dawa za kuchua, mpaka kivuli cha gari kikawafunika wote wawili. Kisha mama akaweka kikombe chini.

"Haya. Sasa tukung'oe?"

"Ning'oeni," mama mkwe akasema.

Shangazi akashika mkono huu, mama akashika ule. Alitoka na mlio ule ule, nao wakaingia ndani wakiwa wameegemeana, wanacheka, kumwangalia mtoto.

Jioni nilikwenda kulifunga gari. Nilipofungua mlango wa abiria nikaona viatu vya mama mkwe, vimebaki chini ya kiti, vimekaa sambamba. Niliingiza mkono kuvichukua nikatoka navyo, na soksi moja ndogo sana. Nikaketi kidogo kwenye usukani wangu, mlango wazi, nikisubiri sentensi ya sura inayofuata. Haikuja. Gari zima lilikuwa linanuka maziwa.